Si Saratani, Lakini Umeandikiwa Mionzi



Hapa Dar es Salaam ukiwaambia majirani kwamba ndugu yako ameandikiwa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, hakuna atakayekuuliza anaumwa nini. Watakupa pole, watauliza watoto wake wana umri gani, na hakosi shangazi wa kukuvuta pembeni akuulize kama mgonjwa mwenyewe ameshaambiwa. Sasa mfikirie kijana wa miaka 27 ambaye daktari wa mifupa amemtazama usoni na kumwambia, "Uvimbe wako si saratani," halafu akachukua kalamu na kumwandikia rufaa ya kwenda kupigwa mionzi. Aamini lipi, mdomo wa daktari au karatasi yake?

Nyumbani wataamini karatasi. Tunajijua tulivyo: habari mbaya huambiwa baba mdogo koridoni, mgonjwa akaachiwa maneno ya kumtia moyo. Basi familia itaamua kwamba kijana amefichwa, na kuanzia siku hiyo atatazamwa kwa jicho la msiba. Wapo ambao hawafiki kabisa huko walikoandikiwa. Huenda kwa fundi wa kuchua, mguu ukandwe kwa mafuta ya moto, na mfupa ambao umeshaliwa kwa ndani huweza kuvunjika hapohapo mkekani.

Daktari hakudanganya, na karatasi haikukosewa. Vyote viwili ni kweli, na ndiyo habari ya leo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinisubiri hadi mwisho: mionzi kwa uvimbe wa mfupa usio saratani ni tiba halali, ina mahali pake, na mahali penyewe ni padogo. Huitwa pale kisu kinaposhindwa, au pale kisu kitakapomwachia mgonjwa ulemavu mzito kuliko uvimbe wenyewe. Ikiitwa mapema kuliko hapo, hasa kwa kijana, kuna hatari ya kuja kujuta baada ya miaka 10 au 20, wakati daktari aliyeiandika ameshastaafu.

Uvimbe wa mifupa usio saratani ni wa aina nyingi, na nyingi kati ya hizo hazihitaji mionzi hata kidogo. Kile kinundu kigumu chenye kofia ya gegedu kinachoota karibu na goti la mtoto anayekua, madaktari wanakiita osteokondroma, kikiwa hakiumi kinaachwa. Kikisumbua kinakatwa, basi. Kuna kauvimbe kengine kadogo sana, aghalabu hakafiki hata sentimita mbili, ambako humnyima kijana usingizi: kanauma usiku, na aspirini hukatuliza mara moja. Hako siku hizi kanachomwa kwa sindano yenye ncha ya moto inayoongozwa na picha za siti skani, mbinu iliyoenezwa na daktari Daniel Rosenthal na wenzake wa Boston, Marekani, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Huko mionzi haina kazi.

Uvimbe unaotuleta kwenye chumba cha mionzi zaidi ya mwingine ni ule unaoitwa uvimbe wa seli kubwa. Huwapata zaidi watu wenye umri kati ya miaka 20 na 40, wanaume na wanawake, tena wanawake kidogo zaidi. Hupenda ncha za mifupa mirefu: juu ya goti, chini ya goti, na kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Mgonjwa huanza na maumivu anayodhani ni ya mpira au ya kubeba ndoo, baadaye goti hujaa, baadaye hawezi kulikunja. Kwenye picha ya eksirei unaona ncha ya mfupa imetoboka hadi karibu na maungio, na kuta zake zimebaki nyembamba zilizotuna, kama povu la sabuni.

Kinyama chake kikiwekwa chini ya hadubini huonekana seli kubwa ajabu, moja ikiwa na viini 20, 30, hata 50 ndani yake. Ndizo zilizoupa uvimbe jina, na kwa muda mrefu ndizo zilizolaumiwa. Kumbe mhalifu ni mwingine. Ni vijiseli vidogo vilivyojificha katikati yake, ambavyo hutoa kemikali ya kuziita hizo kubwa, nazo zikifika zinakula mfupa. Mwaka 1940 madaktari watatu wa New York, Jaffe, Lichtenstein na Portis, ndio waliouchambua uvimbe huu na kuutenga na mingine iliyokuwa ikichanganywa nao. Ilipofika mwaka 2013 watafiti wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe huu hubeba hitilafu ileile moja kwenye jeni, tena ndani ya vile vidogo, si ndani ya vile vikubwa.

Kwa nini basi hauitwi saratani? Kwa sababu kwa kawaida haumuui mtu na hausambai mwilini. Nasema kwa kawaida, kwani kwa wagonjwa wachache sana, wawili au watatu hivi katika 100, vipande vyake huonekana kwenye mapafu, na hata huko mara nyingi hukaa kimya. Ubaya wake ni wa pale ulipo: unakula mfupa, na ukitolewa hupenda kurudi.

Kwenye goti tiba inajulikana. Daktari wa mifupa hufungua dirisha kwenye mfupa, anakwangua uvimbe wote, anasaga kuta za shimo kwa kekee ndogo, kisha anajaza saruji ya mifupa. Saruji hiyo inapokauka hutoa joto, na joto hilo huunguza masalia ambayo jicho halikuyaona. Ukikwanguliwa tu bila hayo mengine, uvimbe huweza kurudi kwa theluthi moja ya wagonjwa au zaidi. Ukikwanguliwa, ukasagwa na kujazwa saruji, hesabu inapungua sana. Ukirudi, anakwangua tena. Ukishindikana kabisa, ncha ya mfupa inaondolewa na kuwekwa goti la chuma. Mgonjwa wa aina hii akipelekwa mionzi kabla ya kupitishwa njia hiyo, ana haki ya kuuliza kwa nini, na aulize kwa sauti.

Lakini uvimbe huu una makazi mengine. Teremsha mkono mgongoni hadi chini ya kiuno, juu kidogo ya kifandugu. Hapo pana mfupa mpana, madaktari wanauita sakramu, ambao uti wote wa mgongo umeukalia. Ndani yake zinapita neva za kwenda kwenye kibofu, kwenye utumbo wa mwisho, kwenye sehemu za siri na miguuni. Uvimbe wa seli kubwa ukiota hapo hauonekani. Mtu anaumwa kiuno miezi, anaambiwa ni kazi, ni kulala vibaya, ni mwili unazeeka. Eksirei ya kawaida huukosa kwa urahisi kwa sababu gesi ya tumbo hufunika mahali hapo. Unapokuja kuonekana kwenye emarai mara nyingi umeshakuwa mkubwa, umebana neva na umezungukwa na mishipa mikubwa ya damu.

Mpasuaji akiingia na kuung'oa wote, anaweza kuwa ameng'oa na neva. Akifanya hivyo, mwanamke wa miaka 30 atatoka chumba cha upasuaji bila uvimbe, lakini kwa maisha yake yote atatoa mkojo kwa mpira, haja kubwa haitamwambia inapokuja, na chumbani na mumewe hakutakuwa na hisia. Akiogopa na kukwangua kidogo tu, damu itamwagika nyingi na uvimbe utarudi. Hapo ndipo daktari anapoweka kisu chini na kuandika ile karatasi iliyoitia familia hofu. Wahenga wa pwani walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na sijaona mahali msemo huo unapotoshea vizuri zaidi ya kwenye sakramu. Hali ni hiyohiyo kwa pingili za shingo, na kwa mifupa ya chini ya fuvu karibu na neva za macho.

Dozi ya kawaida kwa uvimbe huu ni kati ya grei 45 na 55. Grei ni kipimo cha nishati inayobaki mwilini. Hupigwi zote kwa mkupuo. Zinakatwa vipande vya grei mbili hivi, kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano au zaidi kidogo. Mionzi inakata nyuzi za jeni ndani ya seli. Seli za mwili zenye afya hujitengeneza usiku, zile za uvimbe hushindwa kidogo kidogo, na kila zikijaribu kujigawa zinakufa. Katika taarifa za hospitali kubwa zilizotumia mashine za kisasa, uvimbe hutulia na kuacha kukua kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10.

Neno ni kutulia. Wengi hutegemea picha ya mwezi wa pili ionyeshe pameshakuwa peupe pazuri, na wakiuona uvimbe bado upo wanasema tiba imeshindwa. Uvimbe huu haufi kwa haraka. Miezi inapita, wakati mwingine mwaka na zaidi, ndipo kingo zake zinaanza kujenga chokaa na maumivu yanaisha. Huenda kivuli chake kikabaki kwenye picha maisha yote. Daktari hapimi kama umetoweka, anapima kama umesimama.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, kwa sababu si hofu ya kijinga, ina historia. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na haukupita muda madaktari wakaanza kuzielekeza kwenye kila kitu: ngozi, tezi, viungo vinavyouma, na mifupa yenye uvimbe. Uvimbe wa seli kubwa ulipigwa mionzi miaka mingi kana kwamba ni jambo la kawaida tu, na mara nyingine mgonjwa alirudishwa mashineni tena na tena kila maumivu yaliporudi. Mwaka 1948 watafiti watano wa New York, wakiongozwa na William Cahan, walichapisha habari za wagonjwa 11 waliopata saratani ya mfupa mahali palepale palipowahi kupigwa mionzi. Baadhi yao tangu mwanzo hawakuwa na saratani yoyote. Walikuwa na uvimbe kama wa kijana wetu.

Cahan na wenzake waliweka masharti ya kuthibitisha kwamba saratani ya mtu imeletwa na mionzi, na kwa sehemu kubwa yanatumika hadi leo. Lazima uvimbe mpya uwe umeota ndani ya eneo lililopigwa. Lazima miaka ya kimya iwe imepita katikati. Lazima ithibitike kwamba ugonjwa wa kwanza haukuwa saratani hiyo, na uvimbe mpya uonekane kwa hadubini, si kwa kukisia. Sharti la tatu nalipenda kuliko yote, maana linazuia pande zote mbili kudanganya: daktari hawezi kusema "ilikuwa saratani tangu mwanzo," na mgonjwa hawezi kuishtaki mashine kwa ugonjwa aliokuja nao.

Miaka 9 baadaye Uingereza nayo ikapata somo lake. Huko wagonjwa wenye ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo, ambao si uvimbe wala si saratani, walikuwa wakipigwa mionzi mgongoni ili wapunguziwe maumivu. Walipunguziwa kweli. Daktari William Court Brown na Richard Doll, huyuhuyu Doll ambaye mwaka 1950 alionyesha pamoja na Bradford Hill uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, wakawafuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000. Taarifa yao ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba saratani ya damu iliwapata watu hao mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Watu waliotafuta nafuu ya mgongo walibeba hatari ambayo hawakuambiwa, na haki ni kusema kwamba hata waliowatibu hawakuijua.

Je, mashine za leo ni zilezile? Hapana, na tofauti yake inafaa kueleweka. Eksirei za zamani zilikuwa za nguvu ndogo, na mionzi ya nguvu ndogo hunaswa na chokaa ya mfupa kuliko nyama inayouzunguka. Daktari alidhani anatoa dozi fulani, kumbe mfupa wenyewe unapokea mara kadhaa zaidi, na ngozi inaungua. Mashine ya kobalti ilipoanza kutibu watu Kanada mwaka 1951, na ile ya umeme iitwayo linaki ilipoanza katika hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1953, mionzi ikawa na nguvu za kupenya na kugawanyika sawasawa kati ya nyama na mfupa. Leo tena inachongwa kufuata umbo la uvimbe kwa vipimo vya milimita. Hatari ya saratani ya baadaye imeshuka hadi kufikia asilimia chache. Haijafika sifuri, na daktari atakayekwambia imefika sifuri usikubali.

Kwa mtoto mimi ni mkali zaidi. Mfupa wa mtoto una sehemu za kukulia, na mionzi ikizipita mguu mmoja unaweza kubaki mfupi au mgongo ukapinda. Isitoshe, ile osteokondroma niliyoitaja mwanzoni, kinundu chenye kofia ya gegedu, huota pia kwa watoto waliowahi kupigwa mionzi kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Yaani tiba ya uvimbe ikazaa uvimbe. Mtoto mwenye uvimbe usio saratani asiguswe na mionzi mpaka madaktari wa fani zaidi ya moja wakae pamoja na kukubaliana kwamba hakuna mlango mwingine.

Hapo hapo nigusie jambo linalowatia watu wengi hofu bure. Siku hizi emarai zimeongezeka mijini, mtu anaumwa mgongo, anapigwa picha, na ripoti inaandika "hemanjioma". Huo ni uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili, na karibu mtu 1 kati ya 10 anao bila kujua. Wengi hufa nao wakiwa wazee, wameuawa na mambo mengine. Mionzi huweza kuutuliza ule mchache unaouma kweli, kwa dozi ndogo kuliko niliyotaja, lakini inayokuuma ni pingili au ni misuli ya kubeba magunia? Hilo lijibiwe kwanza. Wajerumani, nikumbuke kusema, wao ni wakarimu sana wa mionzi: hata mwiba wa kisigino na magoti ya uzeeni hupewa vidozi vidogo mno, grei 3 hadi 6 kwa jumla, huku Waingereza wakiukwepa utaratibu huo. Kwa bibi wa miaka 75 aliyechoka na vidonge naona Wajerumani wana hoja. Kwa mtu wa miaka 30 nabaki na Waingereza.

Nirudi kwenye sakramu. Kuna dawa ya sindano, denosumabu, ambayo Marekani iliidhinisha kwa uvimbe huu mwaka 2013. Inafanya kazi nzuri: inakata ile kemikali ya kuziita seli kubwa, na uvimbe unasinyaa na kujijaza mfupa. Vitabu vya Ulaya na Marekani huiweka mbele ya mionzi. Tatizo ni kwamba inachomwa kila wiki nne, ukiacha uvimbe huamka, na kwa baadhi ya wanaoitumia muda mrefu mfupa wa taya huoza. Sasa mwambie mkulima wa mtama Singida, asiye na bima, kwamba atanunua sindano hiyo kila mwezi kwa miaka isiyo na mwisho. Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu. Tiba inayokwisha baada ya wiki tano, ikatolewa na hospitali ya umma, inaweza kuwa bora kwake kuliko tiba nzuri zaidi atakayoikatisha mwezi wa nne kwa kukosa fedha. Uamuzi huo si wa aibu. Ila ufanywe kwa kusema wazi kwamba ni wa fedha, usivishwe joho la sayansi.

Na mionzi yenyewe tunayo kwa foleni. Kwa miaka mingi Tanzania nzima ilitegemea Ocean Road peke yake, kabla hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaanza kutoa huduma hiyo. Uganda mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti pale Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na wagonjwa wakabaki hawana pa kwenda nchini mwao hadi mpya ilipofungwa. Hata mashine nzima huchoka: kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kwa hiyo mgonjwa aliyelala dakika 2 mwanzoni atalala dakika 4 miaka mitano baadaye, na foleni inarefuka bila mgonjwa mpya kuongezeka. Katika foleni hiyo mwenye uvimbe usio saratani atakaa nyuma ya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, na ndivyo inavyostahili. Kinachoniudhi ni mgonjwa kuanza tiba halafu kukatishwa katikati wiki mbili kwa sababu ya mashine. Dozi iliyokatwa hivyo hupoteza makali, na huwezi kuifidia kwa kuongeza tu mwishoni.

Ukienda, utakuta hivi. Siku ya kwanza hupigwi mionzi ya tiba, unapigwa siti skani huku umelala vilevile utakavyolala kila siku, na wanakuchora alama za wino ngozini. Usizisugue bafuni. Mtaalamu wa fizikia hukaa na daktari kupanga miale ipite wapi. Siku ya tiba unalala juu ya kitanda kigumu, mistari ya mwanga mwekundu au wa kijani inaoanishwa na alama zako, watu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa. Mashine inavuma. Husikii joto, husikii maumivu. Dakika chache, mlango unafunguliwa, unavaa, unaondoka, na unaweza kumbeba mwanao bila wasiwasi; mwili wako hautoi mionzi. Kwa sakramu tegemea kuharisha na ngozi kuwasha kuanzia wiki ya tatu. Na wewe binti ambaye bado hujazaa, ongea na daktari kabla ya siku ya kwanza: ovari ziko karibu na mfupa huo na dozi ndogo tu inatosha kuziharibu, ila zinaweza kusogezwa pembeni kwa upasuaji mdogo kabla ya kuanza. Baada ya kuanza umechelewa.

Kabla ya yote hayo, kinyama kiwe kimechukuliwa na kusomwa. Bila kinyama hakuna mionzi. Mgongoni, kifua kikuu cha pingili huweza kufanana na uvimbe kwenye picha, nacho kinatibiwa kwa vidonge. Halafu upo uvimbe wa kahawia, unaotokana na vitezi vinne vidogo vya shingoni vinavyotawala chokaa ya damu. Chini ya hadubini hufanana na uvimbe wa seli kubwa hata mtaalamu mzoefu akachanganyikiwa. Hautibiwi kwa mionzi wala kwa kukwangua mfupa. Kinatolewa kitezi kilichokorofika shingoni na mfupa unajijenga wenyewe. Kipimo cha damu cha chokaa na homoni ya vitezi hivyo ndicho kinachoutenga. Uliza kama kimefanyika.

Ombi langu la mwisho ni kwa aliyekwisha kupigwa mionzi, hata kama ni miaka 15 iliyopita. Omba hospitali ikuandikie karatasi yenye mambo manne: ugonjwa uliothibitishwa na kinyama, sehemu iliyopigwa, jumla ya grei, na tarehe za kuanza na kumaliza. Itoe nakala mbili, moja ukae nayo, moja mpe ndugu mwenye kabati linalofungwa, kwa maana mafaili ya hospitali hupotea na madaktari huhama. Rudi kliniki kila unapoitwa hata kama huumwi. Na siku yoyote pale palipopigwa pakianza kuuma upya au kuvimba, usimwambie daktari "ni lile tatizo langu la zamani." Mwambie, "Hapa nilipigwa mionzi," mpe karatasi, na usiondoke mpaka upigwe picha mpya.